Risala ya Wahitimu wa Ununuzi na Ugavi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuwa nasi. Pongezi nyingine zimo kwenye ratiba, kwa hiyo utuwie radhi tukienda moja kwa moja kwenye lililo mioyoni mwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tulipewa shati moja la kazi tulifuatilie, kila kipande, hadi kilikotoka. Mshonaji tulimpata siku ileile. Muuza kitambaa alitupa hati zote. Tulikwama kwenye kifungo. Aliyekiuza alitujibu, "Mimi nanunua kwa magunia, huko nyuma sijui." Vifungo saba vikalishinda darasa zima.

Tulicheka sana, mpaka tuliposoma habari za Rana Plaza, Bangladesh. Jengo lile la viwanda vya nguo liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013, likaua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana jana yake, na bado wafanyakazi waliitwa kazini. Lebo za wanunuzi wa mbali ziliokotwa kwenye kifusi.

Toyota nayo iliwahi kusimamishwa na kitu kidogo. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin nchini Japani, kilichoiuzia karibu vali zake zote za breki za aina fulani, kiliungua. Akiba ilikuwa ndogo mno, na mitambo ya Toyota ya kuunda magari ikazimwa. Wazabuni wengine, hata kampuni ya cherehani ya Brother, wakachukua michoro wakaanza kutengeneza vali hizo. Kama wiki moja hivi baadaye, kazi ikawa imerudi.

Wapo wanaosema dawa ni kujaza maghala. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja: akiba hula mtaji, na nyingine huharibika ikiwa rafuni. Kilichoifaa Toyota siku zile ni wazabuni waliokuwa tayari kuamka usiku kwa ajili ya mnunuzi wao. Mzabuni aliyezungushwa miezi kadhaa kudai malipo yake haamki. (Walimu wetu wa uhasibu watusamehe.)

Tuna maombi mawili. Mafunzo kwa vitendo yatufikishe kwa wazabuni wa wazabuni, tusiishie kugonga mihuri ofisini. La pili, watakaotuajiri wasitupime kwa punguzo la bei tu. Afisa ugavi aliyetafuta mzabuni wa pili kabla wa kwanza hajaungua hana risiti ya kuonyesha.

Mheshimiwa, shati lenyewe lipo mezani kwako. Kifungo cha juu tumekikata makusudi, tumekibandika kwenye fomu ya ufuatiliaji. Mstari wa "kilikotengenezwa" bado uko wazi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wahitimu wako.