Wi-Fi haionekani kwenye Linux? Usinunue kadi mpya kabla hujasoma hapa

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, meza yetu ya ufundi wa kompyuta hapa Chake Chake, Pemba, haikosi laptopu ambazo bado zina nguvu zao lakini Windows 11 inazikataa. Wengi wenu mmeamua kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na mmefanya jambo la maana. Ila baada ya hapo maneno ni yale yale: "Fundi, sauti ipo, skrini safi, mashine imekuwa nyepesi. Wi-Fi tu ndiyo haionekani. Nadhani kadi imekufa."

Mara nyingi haijafa. Kadi iliyokuwa ikishika mtandao jana asubuhi kwenye Windows haifi jioni kwa sababu umebadilisha mfumo endeshi. Kilichokosekana ni programu ya kuiamsha, ambayo mara nyingi ni draiva.

Maalim mmoja anayesomesha skuli ya sekondari alitufikia akiwa ameshapanda boti hadi Unguja, akanunua Darajani kile kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, akarudi nacho, na nacho kikakataa. Alikuwa na mitihani ya kuchapisha na fedha zimeshatoka. Tulipofungua laptopu yake na kuandika amri hii kwenye taminali (dirisha la kuandikia amri):

lspci -nn

kadi ya ndani ilijitaja yenyewe: Broadcom BCM43142, na mwisho wa mstari, ndani ya mabano ya mraba, 14e4:4365. Iko hai, inaonekana, inasubiri draiva. Na kile kidude kipya nacho kilikuwa kizima. Vidude vya aina ile huwa vimewekewa draiva za Windows ndani yake, kwa hiyo ukivichomeka vinajitambulisha kwanza kama CD, na mpaka kompyuta iviambie vibadilike, vinabaki kuwa CD. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Maalim alikuwa na kadi mbili nzima na hana mtandao hata mmoja, na sisi tuliumia kuona nauli ile imekwenda bure.

Kwa nini iwe hivi? Kadi ya Wi-Fi inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni draiva, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Cha pili ni fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila unapowasha mashine. Draiva nyingi ni huria: yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Fimwea nyingi si huria, ni mali ya kiwanda. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa kushikilia msimamo wake wa programu huria, kwa miaka mingi haikuziweka kwenye flashi yake rasmi ya kusimika. Mwaka 2022 wanachama wake wakapiga kura kubadilisha hilo, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 fimwea zisizo huria zimo. Kwa hiyo kama rafiki amekupa flashi yenye Debian ya zamani, anzia hapo. Pakua mpya, na kwa kadi za Intel, na nyingi za Realtek, huenda ukamaliza bila kuja kwetu.

Broadcom ni habari nyengine. Ile 43142 ya Maalim inataka draiva iitwayo wl, ambayo haimo kwenye keneli. Kwenye Debian unaipata katika kifurushi cha broadcom-sta-dkms, nacho hujengwa papo hapo kwenye mashine yako, hivyo sharti uwe na linux-headers (faili za kujengea draiva) zinazolingana na keneli yako. Yote hayo yanapakuliwa. Sasa mtu asiye na mtandao atapakuaje draiva ya mtandao?

Kwa simu yako. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama mtandao wa waya bila kukudai upakue draiva yoyote. Angalia tu waya wako: kuna zile za kuchaji peke yake, zisizopitisha data, na zimewasumbua wateja wengi. Bando la MB 500 kwa kawaida linatosha, mradi usianze kusasisha mfumo mzima.

Kuna hatua moja inayowaangusha hata wanaojua. Kama Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu mashine inapowashwa) imewashwa, keneli itaikataa draiva uliyoijenga mwenyewe kwa sababu haina saini inayotambulika. Kwenye Ubuntu utaombwa uweke nenosiri wakati wa kusimika draiva, na kwenye Debian unaliweka mwenyewe kwa amri ya mokutil; kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, andika lile nenosiri. Kijana mmoja wa Wete aliinuka kwenda kuchukua chai, skrini ikaja ikapita, akarudia kusimika mara tatu akidhani draiva ni mbovu. Kaeni mbele ya mashine wakati huo.

Na mkishafaulu, msifute keneli ya zamani. Draiva hii hujengwa upya kila keneli inapobadilika, na siku ikishindikana kujengwa, Wi-Fi itapotea asubuhi moja baada ya sasisho. Utawasha kwa keneli ya zamani kutoka kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka, na utaendelea na kazi.

Kabla ya yote hayo, andika rfkill list, amri inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya mnara. Ni jambo la dakika moja.

Lipo tatizo jengine ambalo halihusu Linux hata kidogo, na kwa sisi wa visiwani tunaliona sana. Wi-Fi inaonekana, lakini inashika ukiwa umekaa ubavuni mwa ruta tu. Hapo tunafungua. Juu ya kadi kuna nyaya mbili nyembamba za antena, aghalabu moja nyeusi na moja nyeupe, na vichwa vyake vya shaba ni vidogo kama punje ya mtama. Hewa ya chumvi inavifanya viote kutu ya kijani. Tunavisafisha kwa spiriti na brashi laini, tunavibana tena. Tafadhali msivikwangue kwa kisu.

Kupima ni bure hapa kwetu. Mnaotoka Mkoani, Wete au Konde, msifunge safari kwanza: tupigieni picha ya matokeo ya lspci -nn, au lsusb kama ni kidude cha USB, mtutumie kwa WhatsApp. Msipige picha ya stika iliyo chini ya laptopu, maana laptopu mbili za jina moja huweza kuwa na kadi tofauti. Zile tarakimu za ndani ya mabano ndizo tunazozihitaji. Zikianza na 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec au 0bda ni Realtek, 168c ni Atheros. Tukiona unaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani, tutakutumia amri za kuandika. Tukiona lazima uje, njoo na laptopu, chaja yake, simu na waya wenye data.