Barua kwa mwanangu: Rangi isubiri masika

Tanga, Februari

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, isipokuwa baba yako na goti lake, na wewe unamjua: ukimtajia hospitali anakumbuka ana safari ya msikitini. Mjukuu wangu mpakate kwa niaba yangu.

Picha zote za nyumba mliyonunua nimeziona, na video pia, ingawa mkwe wangu hupitisha simu haraka kila anapofika penye kasoro. Nyumba ni nzuri, hewa ya Kigamboni si haba, na uwanja mtoto atacheza. Hongereni. Sasa nimesoma orodha ya mambo mnayotaka kufanya kabla ya kuhamia mwisho wa mwezi wa tatu: dari la jipsamu lenye taa za kujificha, marumaru mpya sebuleni, skimu ya kulainisha kuta na rangi nyumba nzima, makabati ya jikoni. Nimelitafuta humo bati, sikuliona. Nimelitafuta karo la maji taka, sikuliona. Waya za umeme nazo hazimo.

Unajua nimeuza duka la vifaa pale Ngamiani tangu hujaanza shule. Anayejenga upya hununua kuanzia chini kwenda juu, hana namna nyingine. Anayekarabati huja moja kwa moja kwenye rangi, achague, abishane na mkewe, waondoke na madebe. Mwaka wa pili yuleyule anarudi kununua rangi tena, na safari hii hana raha.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na mengine yote humu yanatoka hapo. Pesa mliyonayo itangulie kwenye maji: yanakoingilia, yanakopita na yanakotokea. Jipsamu, marumaru na rangi zisubiri masika yapite juu ya nyumba hiyo, muione inavyokaa na mvua.

Nianze na ile picha ya chumba cha nyuma. Kwenye kona ya dari, juu ya dirisha, pana doa la rangi ya chai kavu, pete ndani ya pete. Mvua iliingia ikakauka, ikaingia nyingine ikapitiliza, ikakauka nayo. Dalali kawaambia ni doa la zamani na bati lilishazibwa. Labda. Lakini huyo muuzaji kapaka kuta zote rangi ya kuuzia mpaka kwenye ukuta wa choo cha nje, halafu ubao mmoja wa silingibodi ukamshinda? Mimi naona aliacha kwa kuwa alijua hata akibadilisha, doa litarudi kabla hajapata mteja.

Mtafute fundi apande darini saa sita mchana, taa zizimwe, atazame juu. Penye tundu jua litaonekana kama nyota, hahitaji kipimo kingine. Aziguse pia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Bisibisi ikizama, mbao hiyo imekwisha. Atazame pia misumari. Msumari wa bati hupigwa kwenye tuta, siyo bondeni maji yanakopita, na uwe na mpira wake. Huko mlipo upepo wa chumvi hula msumari kwanza, tundu likapanuka, ndipo bati likafuata. Akikwambia apake lami tu, ni sawa kwa tundu moja mawili, si kwa paa zima. Na kama mabati itabidi kubadilisha, shika hili: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Wateja wengi walidhani kinyume, na si kila muuzaji aliona haraka ya kuwasahihisha.

Picha ya pili iliyonikaa ni ya korido. Chini ya ukuta, kama futi mbili kutoka sakafuni, rangi imevimba na kumwaga unga mweupe. Huo unga ni chumvi. Tofali hunywa maji ya ardhini, maji yanapanda ndani kwa ndani, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki. Inajikusanya nyuma ya rangi mpaka inaisukuma ibanduke. Fundi wako kashauri mpige rangi ya mafuta ili maji yasipite. Mwambie hapana, na mwambie kwa adabu, maana hilo ni kosa la mafundi wengi wazuri. Ukiufunga ukuta uso, maji hayaondoki, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Utaziba futi mbili, yatatokea kwenye nne.

Kabla ya kutoa hata shilingi, kata kipande cha nailoni nzito, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa mbele ni jasho la hewa ya chumba, na hapo dawa ni kufungua madirisha. Halafu toka nje mkatazame upande wa pili wa ukuta huohuo. Nina shaka utakuta udongo umepanda. Mitaa mingi ya Dar barabara imeinuliwa kwa kifusi, watu wanamwaga kifusi chao uani wasibaki shimoni, mwisho udongo wa nje unakuwa juu ya sakafu ya ndani. Nyumba ya namna hiyo hata ukiipaka dhahabu itatoka jasho. Udongo ushushwe mpaka chini ya usawa wa sakafu, kisha mzungushe kibaraza chembamba cha zege kinachoteremka kwenda nje, maji ya paa yasianguke kwenye msingi. Kazi hiyo ni ya vibarua na majembe, haina fahari, na hakuna mgeni atakayeisifu.

Ndani, lipu iliyooza ibanduliwe mpaka juu ya mstari wa unyevu, tofali likae uchi lipumue wiki kadhaa. Wakati wa kurudisha lipu mpya, ukaupokee mchanga wewe mwenyewe. Chukua chembe uonje. Ndiyo, utie ulimini. Mchanga wa pwani una chumvi, na ukiutia ukutani umerudisha ugonjwa uleule kwa pesa yako. Kisha ufikiche kiganjani: ukiacha tope jingi mkononi, lori lirudi nao, hata kama dereva atalalamika kuhusu tozo ya daraja. Saruji ya nguvu 32.5 inatosha lipu. Ile ya 42.5 iwekeni kwenye zege. Lipu imwagiwe maji wiki nzima isikauke kwa pupa, na rangi isiiguse kabla ya wiki 4. Hapo hesabu yako ya mwisho wa mwezi wa tatu imeshavunjika, unaona, hata kabla sijataja mvua.

Maji yanayotoka nayo yana habari yake. Nunua bluu ya nguo, ikoroge kwenye ndoo, mwage chooni, kisha mumeo asimame kwenye chemba nje kifuniko kikiwa wazi. Bluu ikichelewa au ikitoka nusu, bomba lina mahali limeziba au limepasuka chini ya sakafu, na ni afadhali kujua leo kuliko baada ya marumaru kukaa. Fanya hivyo kwa bafu, fanya kwa sinki la jikoni. Karo lenyewe liitieni gari la kunyonya kabla hamjahamia, muone kina chake na kama kuta zake ni nzima. Watu wanaona aibu kuuliza habari za karo siku ya kununua nyumba. Sijui kwa nini.

Umeme nitapita haraka kwa kuwa hapo mimi si fundi. Mtafute mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, wala si kijana wa mtaani aliyeunga nyumba ya jirani ikawaka. Aifungue bodi ya fyuzi, apime na waya wa ardhi, maana nyumba nyingi za zamani nondo ya ardhi ipo kwa jina tu. Waya wa soketi usiwe wa taa: taa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko na hita vina wake mnene zaidi. Kazi hii inachimba kuta, kwa hiyo itangulie lipu. Na ile mita ya umeme ya LUKU mhakikishe imehamia jina lenu, kwa kuwa kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo siku hizi.

Umesema mnataka kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia. Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024 sipendi kusikia habari ya kubomoa ukuta ikisemwa kwa wepesi. Nyumba yenu ni ya chini, najua, lakini kenchi zinakaa juu ya kitu. Fundi mwashi akikwambia "huu ni wa kugawa vyumba tu", mwambie aoneshe mkanda wa zege unapita wapi. Mlipe mhandisi aje kutazama, na halmashauri muwaulize kuhusu kibali. Kama hamna pesa ya mhandisi, basi hamna pesa ya kubomoa ukuta.

Halafu milango! Umeandika mtaitoa yote mweke ya kisasa. Mwanangu, ile milango mitatu ya ndani ni mninga, nimeikuza picha nikaona mistari yake pale rangi ilipochubuka karibu na kitasa. Aliyejenga nyumba hiyo alikuwa mtu. Milango hiyo mnayoiona madukani imeng'aa, mingi ni ungaunga wa mbao ulioshindiliwa na kuvikwa ngozi. Iweke karibu na bafu uone itakavyofura. Mninga unataka kuparuliwa, msasa na vanishi. Fremu zake ndizo za kuangalia, mchwa hupandia hapo. Ukiona kifereji cha udongo kinapanda ukutani, usikifute tu, fuata kinakotoka, mpulizie dawa ardhini kabla sakafu yoyote haijawekwa.

Na hapa nisikilize kama mama, siyo kama muuza duka. Grili za madirisha zimepakwa rangi za mafuta juu ya rangi, miaka na miaka. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu kwa mtoto wa umri wa mjukuu wangu, kila kitu kinaingia kinywani. Asipelekwe huko siku za kuparua, hata "dakika tano tu". Zilowanishwe kwanza, ziparuliwe zikiwa na maji, takataka zikusanywe kwenye nailoni na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Nguo za kazi msije nazo kitandani.

Kuhusu mafundi, vifaa nunueni wenyewe. Nilikuwa upande wa pili wa kaunta, najua sauti fundi anayotumia akitaka stakabadhi iandikwe bei ya juu: anaanza kwa kukuulizia watoto. Wengi wao ni watu wa haki na wana njaa, ndiyo maana usimwache mtu wa haki na njaa pamoja na bahasha yako yote. Makubaliano yaandikwe daftarini, ufundi ulipwe kwa hatua, hatua ikaguliwe na mumeo akiwa na pima maji mkononi, na chai ya saa nne isikosekane. Fundi anayekunywa chai yako huona haya kuficha ufa.

Sasa kodi ya Tabata. Najua mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo na yenu inaisha mwezi wa tatu. Muombeni miezi mitatu. Mmekaa naye vizuri, na kupangisha katikati ya mvua si rahisi kwake pia. Akikataa, niambie. Baba yako ana kifedha cha korosho anachodhani sikijui. Kodi ya miezi mitatu inauma, lakini piga hesabu ya jipsamu la sebule nzima likilowa mwezi wa nne, na ufundi wa kulishusha, na wa kulipandisha tena.

Shangazi yako kanipigia, kishapanga siku ya dua na ameshawaalika watu wa Magomeni. Dua ifanyike siku hiyohiyo. Tandikeni mikeka kwenye sakafu hiyohiyo ya zamani, msomewe, watu wale pilau waondoke. Malaika hawatazami dari. Shangazi yako atalitazama, lakini huyo mwachie mimi.

Nitumie vipimo vya ile milango mitatu, urefu, upana na unene, na picha ya bawaba karibu kabisa. Yule seremala wangu wa Chumbageni anakuja Dar mwezi ujao kwenye harusi, nimemwomba apitie kwako. Nauli ya kuvuka ni juu yako. Na mwambie mkwe wangu arudie video ya darini, polepole.

Wasalaam,
Mama yako