Mkono upimwe kabla ya upasuaji

Wa kwanza kugundua alikuwa fundi cherehani. Mama mmoja, ambaye sasa ni mteja wetu wa siku nyingi, alimpelekea gauni aliachie mkono wa kushoto kwa kuwa ulikuwa unambana. Miezi miwili baadaye akarudi na blauzi, tatizo ni mkono uleule. Mara ya tatu fundi akamwambia, "Mama, nguo hizi hazina kosa. Hebu nikupime mikono yote miwili." Akapitisha futi: juu kidogo ya kiwiko, mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa sentimita 3. Mwaka mmoja na nusu nyuma, mama huyo alikuwa ametolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani kwa ajili ya saratani.

Alipofika kwetu nilimbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mkono, nikahesabu mpaka 10, nikaachia. Kishimo kikabaki palepale. Alikitazama kwa muda, halafu akaniuliza, "Mwanangu, madaktari walikuwa wanalijua jambo hili?" Nikamwambia ndiyo, linajulikana. "Sasa mbona mimi sikuambiwa?"

Swali hilo tunalisikia mara nyingi mno hapa dukani, na linatuuma. Kazi yetu hapa Dar es Salaam ni kupima, kufunga bendeji na kushona soksi za kubana za mikono na miguu. Wengi wanatufikia mkono ukiwa umeshakuwa mgumu, wakati ambapo matibabu ni marefu na yana gharama. Wangeambiwa mapema, wangekuja mapema.

Jambo lenyewe liko hivi. Mbali na damu, mwilini kuna majimaji yanayoitwa limfu. Yana mishipa yake myembamba, na njiani yanapitia kwenye tezi. Ni tezi za aina ileile inayovimba kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni, tukasema ana mtoki. Saratani ya titi ikifika kwapani, daktari huzitoa tezi za hapo au huzipiga mionzi. Ni sawa kabisa afanye hivyo, maisha kwanza. Ila njia za majimaji zinakuwa zimepungua. Kwa wagonjwa wengi zilizobaki zinatosha. Kwa wengine majimaji yanakwama na mkono unaanza kujaa. Hiyo ndiyo limfedema.

Kati ya wanawake waliotolewa tezi nyingi za kwapani, takribani 1 kati ya 5 huipata. Waliotolewa tezi chache tu za kuchunguzwa, ni kama 1 kati ya 20. Mionzi ya kwapani huongeza hatari, vilevile uzito mkubwa wa mwili na maambukizi ya ngozi kwenye mkono huo. Mara nyingi huanza ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, lakini wapo wanaoipata baada ya miaka mingi. Na wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambao hapa Tanzania ni wengi kuliko wa titi, wajue kwamba kwao unaovimba ni mguu.

Hapo ndipo majirani wanapoanza kusema matende. Matende nayo ni limfedema, lakini huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ikaharibu mishipa ya limfu. Hii ya baada ya saratani haina mnyoo wala haimwambukizi mtu. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wanawake wanaoficha mkono ndani ya kanga mwaka mzima kwa aibu, na mwaka huo ndio ulikuwa wa kutibiwa.

Kwa hiyo kama umepangiwa upasuaji, muulize daktari wako: nitatolewa tezi ngapi? Nitapigwa mionzi kwapani? Nikihisi mkono mzito, nimwone nani? Kisha upimwe mikono yote miwili kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Mkono unaofanyia kazi kwa kawaida ni mnene kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo bila vipimo vya mwanzo hakuna atakayejua kwa hakika kama sentimita moja iliyozidi ni ya kuzaliwa nayo au ni majimaji. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, usingoje.

Dalili nyingine hutangulia hata futi. Mkono unakuwa mzito jioni, pete haivuki kifundo cha kidole, bangili na sidiria vinaacha mchoro. Ukilala unakuta asubuhi umepungua, ukajifariji. Tafadhali usijifariji, maana hicho ndicho kipindi ambacho soksi na mazoezi husaidia zaidi.

Nyumbani, najua shangazi atataka kukukanda kwa maji ya moto. Mshukuru, lakini ukatae; joto huongeza uvimbe. Kuchanjwa chale ndiyo kabisa usikubali, kwa sababu ngozi iliyokatwa ni mlango wa vijidudu. Vidonge vya kukojosha havitoi majimaji haya. Kazi za mkono usiziache: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake wenye limfedema waliobeba vyuma kidogo kidogo, kwa kusimamiwa, hawakuvimba zaidi. Ndoo ya maji anza na nusu. Ukilima au kuparua samaki, vaa glavu.

Mkono ukigeuka mwekundu, ukawa wa moto na ukapata homa, usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hayo ni maambukizi na yanahitaji antibayotiki.

Yule mama sasa anavaa soksi yake kila asubuhi kabla ya kushika ufagio, na kila mwisho wa mwezi anapita kwa fundi wake kupimwa. Tofauti imeshuka hadi sentimita 1.

Kwa yeyote anayesubiri upasuaji, kupima hapa dukani hatutozi. Ni kama dakika 15, na unaondoka na karatasi yenye vipimo vyako ya kumpa daktari. Uje na blauzi ya mikono mifupi.