Risala ya Madereva wa Bodaboda wa Msamvu kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuhitimu Mafunzo ya Huduma ya Kwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, waheshimiwa viongozi wa afya, polisi na Zimamoto, wakufunzi wetu, ndugu madereva wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli nyingi za wilaya ukaja kukaa na waendesha bodaboda, watu ambao mara nyingi huitwa mbele ya viongozi wakati wa kuonywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vijiwe vyetu vinaizunguka Msamvu, hapa mjini Morogoro, pale ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaelekea Dodoma na nyingine Iringa, na malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Ajali ikitokea, daktari yuko mbali na askari bado hajafika. Aliyepo ni dereva wa bodaboda. Kwa miaka mingi tumekuwa tukifika wa kwanza bila kujua la kufanya, na tunakiri mbele yako kwamba wapo majeruhi tuliowaumiza zaidi kwa nia njema, tukiwabeba mzobemzobe hadi kwenye bajaji huku shingo ikining'inia, au tukiwanywesha maji hali wamepoteza fahamu.

Katika mafunzo haya tumejifunza kuyazuia magari kwanza kabla ya kumgusa mtu, kwani mwokoaji akigongwa anaongeza idadi ya majeruhi. Tumejifunza kuikandamiza damu inayotoka kwa kasi, hata kwa khanga ya abiria, bila kufunuafunua jeraha kuangalia kama imekoma, na kuacha chuma kilichozama mwilini kichomolewe hospitalini. Zoezi la kumgeuza majeruhi kama gogo, mmoja akishika kichwa na kutoa amri kwa wenzake watatu, tulilirudia mpaka wenzetu wakakataa kulala tena chini kuigiza wagonjwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Msamvu hatuwezi kuzungumzia ajali tukairuka tarehe 10 Agosti 2019, siku ambayo lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, wakiwemo waendesha bodaboda. Hata tungekuwa na magari ya wagonjwa kumi yamesimama pale, moto ule usingewasubiri. Kilichohitajika ni watu wa kuwazuia wenzao wasilisogelee lori. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba lori la mafuta likianguka, kazi yetu ya kwanza ni kuwaondoa watu, kuzima injini na sigara, na kupiga 114 kuwaita Zimamoto. Tunaomba elimu hiyo ifike pia shuleni na kwenye nyumba za ibada, kwa sababu wanaokimbilia mafuta si madereva peke yao.

Nasi tunayo makosa yetu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ngumu ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, lakini wengi wetu kofia ya abiria huitundika kwenye usukani ili trafiki aione, na abiria akiikataa kwa kuogopa jasho la aliyemtangulia au kuharibu nywele, hatubishani naye, tukihofia kumkosa. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, nayo bado ipo, hasa jioni. Vijiwe vyetu vimeamua kila dereva awe na vitambaa safi vya kuvaliwa ndani ya kofia, na anayepakia mshikaki asimamishwe zamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotukwamisha zaidi ni hofu. Mwenzetu mmoja alimfikisha majeruhi hospitalini, kisha akashinda kituoni hadi jioni akihojiwa kana kwamba yeye ndiye aliyegonga, na tangu hapo wapo wanaopita ajali wakiangalia pembeni. Tumefundishwa kwamba anayevuja damu huhudumiwa kwanza na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikafuata. Tunaomba maelekezo hayo yatamkwe na ofisi yako, yasikike kituoni na mapokezi ya hospitali, na msamaria achukuliwe maelezo kwa ufupi aruhusiwe kuondoka.

Ombi letu la pili ni usafiri. Mfumo wa m-mama umeonyesha njia: kwa dharura ya mjamzito au mtoto mchanga watu hupiga 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Hatuoni kwa nini aliyevunjika paja kando ya barabara akose mpango wa namna hiyo. Hatuombi kumbeba kwa pikipiki, maana tumeshaelewa madhara yake. Tunaomba madereva wa teksi na bajaji waandikishwe, nasi tuwe wa kutoa taarifa na kumtunza majeruhi hadi gari lifike.

Mwisho, tunaomba sanduku la huduma ya kwanza na machela kwa kila kijiwe. Kwa sasa machela yetu ni ubao wa mlango tuliopewa na seremala wa jirani, nao umeshatumika mara tatu tangu mafunzo yaanze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakukaribisha utukabidhi vyeti na kuzungumza nasi. Naomba kuwasilisha.