Mwanangu, usingoje kuumwa ndipo umwone bingwa

Mwanangu mpenzi,

Swali uliloniuliza kwenye simu nimelala nalo. Mkunga wako amekuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa uzazi, nawe karatasi umeitia kwenye mkoba ikakaa, kwa kuwa presha yako iko sawa, mkojo hauna shida, na hata kichefuchefu cha safari hii hakijakusumbua kama cha mimba ya kwanza. Ukaniambia, "Mama, nitakwenda kumwambia nini nami siumwi?" Nimeona nikujibu kwa maandishi ili uweze kuyarudia maneno yangu ukitulia, na mumeo naye ayasome.

Nenda, mama. Tena nenda sasa, ungali katika wiki ya 11.

Ule ugonjwa uliokupata mimba ya kwanza, pre-eclampsia, wa presha kupanda na protini kuonekana kwenye mkojo, ambao ukiachwa unaweza kuleta kifafa cha mimba, kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20. Lakini siku unapoonekana siyo siku ulipoanza. Mara nyingi mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma. Katika miezi ya mwanzo kondo hujipenyeza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuitanua mishipa ya damu ya mama, damu ipite kwa wingi kumwendea mtoto. Mishipa isipotanuka vya kutosha, kondo halipati damu linayoihitaji, na baadaye huachia vitu vinavyoidhuru mishipa ya mama mwili mzima, mpaka figo, ini na ubongo vikaathirika. Kwa hiyo nikisikia presha yako ni nzuri leo namshukuru Mungu, lakini kipimo hicho hakiniambii kondo linajengwaje huko ndani.

Na kinga iliyopo ina majira yake. Ni aspirini ya dozi ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14 na kuacha wiki ya 36. Kati yao, waliopata ugonjwa huu na kulazimika kujifungua kabla ya wiki ya 37 walikuwa pungufu ya nusu ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Dozi ipi ikufae wewe si langu kusema, wala si la muuza dawa, na usijinunulie. Lakini umeona wiki zenyewe. Ukimwendea bingwa wiki ya 28, miguu ikiwa imeshavimba, atakupokea na atakutibu, ila hili la aspirini litakuwa limeshapita.

Zile dawa za presha zilizobaki kabatini tangu uzazi wa kwanza usizimeze pia. Baadhi yake, enalapril ikiwemo, huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mpelekee daktari pakiti zenyewe azione.

Beba na karatasi zote za hospitali za wakati ule. Ulijifungua wiki ya 33 kwa upasuaji, na hilo lina maswali yake. Atataka kupima figo na ini lako sasa, ungali mzima, ili majibu yakija kubadilika ajue yalikuwa wapi mwanzo. Atataka ultrasaundi ionyeshe kondo limekaa wapi, maana kondo likikaa chini, juu ya kovu la zamani, linaweza kunasa humo lisitoke, na mama akavuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Hilo likijulikana mapema, utapangiwa kuzalia hospitali yenye damu ya akiba, wapasuaji wazoefu na chumba cha watoto njiti. Lisipojulikana, watu hulikuta umeshalala juu ya meza ya upasuaji.

Mumeo anasema mabingwa wanapenda kupasua. Wasiwasi wake nauelewa, naye anao kwa kukupenda. Basi amuulize bingwa waziwazi, siku hiyohiyo ya kwanza: je, mke wangu anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida? Wanawake wengi waliopasuliwa mara moja huweza, ikitegemea kovu lilivyo na sababu ya upasuaji ule. Na ugonjwa ukirudi, uamuzi mgumu kuliko wote utakuwa ni lini mtoto atoke, kwa sababu dawa za presha hukulinda wewe na kiharusi, lakini ugonjwa wenyewe haziumalizi mpaka mtoto na kondo vitoke. Uamuzi huo naomba ufanywe na mtu anayekujua tangu mwanzo wa mimba, siyo na daktari wa zamu anayekuona mara ya kwanza saa nane za usiku.

Nije kwenye lile ambalo hukulisema. Sidhani kama unamwogopa bingwa. Unaogopa kurudi kwenye zile wiki ambazo mjukuu wangu alikuwa ndani ya inkubeta, wewe unakamua maziwa kwa saa, unashuka na kupanda ngazi na kidonda kibichi, unahesabu gramu zake kila asubuhi. Nilikuwa nawe, niliona uso wako. Ukiingia kwa bingwa unahisi unakiri kwamba yale yanakuja tena. Mwanangu, hayaji kwa sababu umeyataja. Wengi waliougua mimba ya kwanza hawaugui ya pili, na bingwa anaweza akakupima, akakuandikia dawa, akakurudisha kwa mkunga wako na kukupa tarehe chache tu za kuonana naye. Mkunga humwachi, wala hutamvunja moyo. Rufaa ameiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na mimi namheshimu kwa hilo.

Nisingemsukuma hivi kila mjamzito. Ungekuwa na miaka 36 na huna tatizo jingine, ningesema mkunga mzuri na mahudhurio yako ya kliniki yanatosha mpaka pawe na la kukupeleka mbele. Wewe una historia, na historia yako ni nzito.

Shangazi yako amekwambia ulale kitandani mpaka ujifungue na uache chumvi kabisa. Anakutakia mema, mwitikie kwa adabu, lakini usifanye. Kulala hivyo hakuzuii ugonjwa huu, na kulala muda mrefu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hata kujinyima chumvi hakupendekezwi kama kinga. Tembea, fanya kazi zako nyepesi, pumzika ukichoka.

Kuna mambo ambayo hayangoji tarehe ya bingwa wala ruhusa ya mtu. Kichwa kikiuma kisiache, macho yakiona ukungu au vimulimuli, maumivu yakija juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono ikivimba ghafla, ukitokwa damu, au mtoto akipunguza kucheza, unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Presha ikifika 140 kwa 90 waambie siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura. Ukishajifungua usijione umevuka, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kutokea hata katika wiki sita za baada ya uzazi.

Siku ya kwenda nendeni wawili. Mtu akiwa na hofu husikia neno la kwanza tu la daktari, mengine yakampita, kwa hiyo mumeo awe na kalamu. Muulizeni nini kitabadilika kwa matokeo ya kila kipimo anachokiagiza, na jibu msipolielewa muulizeni tena. Daktari akikukatisha au akikufokea, niambie, tutamtafuta mwingine. Bingwa si mmoja.

Piga simu kesho asubuhi uombe nafasi. Wakikuambia iliyopo ni ya mwezi ujao, wasomee alichoandika mkunga na wiki uliyofikia, uwaombe ya karibu zaidi. Kisha nitumie tarehe. Mtoto nitakuja kukaa naye mimi, nitafika jioni ya siku iliyotangulia.

Mama yako akupendaye