Kabla hujanunua hiyo S22

Swahiba yangu,

Salaam, natumai nyumbani wote hawajambo. Umeniuliza uchukue ipi: Galaxy S22 ya mtumba iliyotoka Dubai, au Galaxy A16 mpya ya dukani, maana bei zinakaribiana. Kwa kamera na kasi, S22 iko mbali sana, sibishi. Ila muulize muuzaji simu hiyo itapata masasisho mpaka lini, uone kama atakuwa na jibu.

Miaka ya masasisho haianzi siku unayolipa. Inaanza siku simu ilipoingia sokoni. S22 ilitoka Februari 2022 ikiwa na Android 12, na Samsung iliahidi kuipandisha matoleo manne na kuipa viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya kuziba mianya ya wadukuzi, kwa miaka mitano. Basi Android 16 ndiyo mwisho wake, na viraka vinakoma mwanzoni mwa 2027. A16, pamoja na unyonge wake, ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka sita. Ukiweza kuongeza hela kidogo, tafuta S24 ya mtumba: ahadi yake ni miaka saba tangu Januari 2024. Google nao wametoa miaka saba kwa simu zao kuanzia Pixel 8.

Kwa nini kampuni huziacha simu zao njiani? Sababu kubwa ni chipu. Kampuni kama Qualcomm ndiyo inayotoa programu za kuendesha chipu yake, na ikiacha kuzitunza, mtengenezaji wa simu anabaki na kazi ngumu na ghali ya kuziunganisha na Android mpya peke yake. Apple anajitengenezea chipu, ndiyo maana iPhone 6s ya 2015 ilifika hadi iOS 15, iliyotoka 2021. Ulaya wameamua kulazimisha: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoingia soko la huko lazima ipate masasisho kwa miaka mitano, na wanahesabu tangu modeli hiyo ilipoacha kuuzwa. Huo ndio uhesabuji wa haki kwa mnunuzi, na ningefurahi sana kuuona kwetu.

Simu haizimiki siku viraka vinapokoma. WhatsApp itaendelea kwa miaka. Pa kuangalia ni programu za benki. Google huwapa wenye programu njia ya kupima uaminifu wa simu, na kwa Android 13 kwenda juu, kipimo cha juu kabisa kinataka kiraka kisichozidi mwaka mmoja. Benki ikiamua kudai kipimo hicho, simu yako nzima na nzuri itakataliwa.

Ukienda dukani, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa nyuma kwa mwaka wakati modeli bado inahudumiwa, kuna kasoro. Soma pia namba ya modeli: S22 yenye SM-S901U ni ya mitandao ya simu ya Marekani, na masasisho yake huku mara nyingi huchelewa. Halafu izime, bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja huku ukichomeka waya uliounganishwa na kompyuta, ufuate maelekezo ya kwenye kioo. Kwenye mstari wa WARRANTY VOID pawe na sifuri. Ukikuta 1, simu ilishawahi kuingizwa programu isiyo rasmi. Alama hiyo haifutiki, na Folda Salama, ile sehemu ya Samsung ya kufungia faili zako za siri, haitafanya kazi tena. Hiyo usiichukue hata wakipunguza bei.

Ukishanunua, sasisha ukiwa kwenye Wi-Fi, betri ikiwa juu ya nusu, na uache GB kadhaa wazi. Kupanda toleo zima kunaweza kula GB 2 hadi 3, na nafasi ikibana sasisho hukwama.

Nitumie picha ya huo ukurasa wa Kuhusu simu kabla hujalipa.

Wako,
Swahiba wako