Barua kwa mwanangu Zawadi: lile dirisha la upande wako

Mwanangu Zawadi,

Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, naye bado hajui lolote. Ameenda sokoni, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa barazani na kalamu. Jana kwenye simu ulinisimulia ukicheka, nami nikacheka nawe, lakini usiku usingizi ulinipaa.

Ulisema dirisha la upande wako, kwenye chumba cha marubani, lilifunguka ndege imeshakolea mwendo njiani kuruka, mmepita kasi ya noti 80, yaani kama kilomita 148 kwa saa, na kelele ikawa hata sauti yako mwenyewe huisikii. Ukanyoosha mkono kulivuta, kapteni akakwambia uliache, mkaruka nalo vilevile. Ukaniuliza, "Baba, alikosea?" Hakukosea, mwanangu. Chini ya noti 80 mngeweza kukatisha safari kwa ajili ya dirisha. Mkishapita hapo, kitabu cha ndege yenu, Boeing 737, kinataka muendelee, maana kukanyaga breki ndege imejaa mafuta na njia inazidi kufupika ndiyo hatari yenyewe. Dirisha wazi ni kelele na upepo. Ndege inaruka nalo, ila haijazi presha ya hewa ndani. Mnapanda kidogo, mnatulia, mmoja anashika ndege na mwingine anafunga. Likigoma, mnarudi mlikotoka.

Na usiogope kwamba litafunguka mkiwa juu. Lile linafunguka kwa kuingia ndani kwanza, kisha ndipo linateleza kurudi nyuma. Juu huko, presha ya ndani inaizidi ya nje kwa zaidi ya nusu kilo kwa kila sentimita mraba. Chukua dirisha la sentimita 40 kwa 50, piga hesabu: ni zaidi ya tani moja inayoligandamiza kwenye fremu yake. Hakuna mkono wa binadamu wa kulivuta.

Kilichoninyima usingizi ni kioo kinachong'oka, na hicho ni kitu chetu sisi mafundi.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika futi 17,300, kioo cha mbele cha upande wa kapteni kikatoka chote. Kapteni Tim Lancaster akavutwa nje hadi kiunoni, mgongo juu ya paa la ndege, miguu imenasa kwenye usukani. Mlango wa chumba cha marubani ukang'oka ukaangukia vidhibiti vya injini. Mhudumu Nigel Ogden akamrukia kapteni akamshika kiunoni, na wenzake wakaja kupokezana naye. Walidhani ameshakufa, lakini hawakumwachia. Rubani msaidizi, Alastair Atchison, aliishusha ndege huku anaita redioni na majibu hayasikii kwa upepo, akatua Southampton. Watu wote wakapona, hata Lancaster, aliyevunjika mkono na kuumwa na baridi kali. Haikupita miezi mitano, akarudi kazini.

Sasa sikiliza upande wangu. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari, usiku wa manane, zamu ikiwa na watu wachache. Fundi alichomoa bolti za zamani, akaenda nazo stoo kutafuta za kufanana kwa macho. Hakufungua kitabu cha vipuri. Alipomaliza, bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Sita zilizobaki zilikuwa na unene sawa, ila fupi. Na muundo wa kioo kile ulikuwa kinyume cha dirisha lako: kilifungwa kwa nje, kwa hiyo presha ilikuwa inakisukuma kitoke, na kilichokizuia ni zile bolti tu.

Watu wakisoma habari hii humlaani yule fundi. Mimi siwezi. Kuna usiku mmoja, wewe ulikuwa bado mdogo, nilifunga kifuniko chini ya bawa kwa skrubu nilizozichagua hivyohivyo, kwa jicho, tochi mdomoni. Nikaja nyumbani, nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Kabla hakujapambazuka nikarudi kazini, nikazichomoa zote. Mbili zilikuwa fupi. Nikazibadilisha, ndege ikaondoka, sikumwambia mtu. Mama yako alidhani nimerudi kwa sababu ya kusahau funguo.

Na kioo kinaweza kupasuka fundi asiwe na kosa. Mwaka 2018, tarehe 14 Mei, ndege ya Airbus A319 ya Sichuan Airlines ya China ilitoka Chongqing kwenda Lhasa, kioo cha upande wa rubani msaidizi kikapasuka na kutoka juu ya futi 30,000. Rubani msaidizi naye alivutwa nje nusu ya mwili, akarudi ndani. Kapteni Liu Chuanjian hakuweza kushuka haraka hadi chini kabisa kama mnavyofundishwa, kwa sababu chini yake ilikuwa milima. Sehemu ya vyombo imeharibika, baridi ya kugandisha, na yeye kavaa shati la mikono mifupi. Alishika ndege kwa mkono hadi Chengdu. Nilipoisoma habari ile nilikutazama wewe ukipiga pasi sare yako ya chuo, nikanyamaza.

Kwa hiyo lile lenu lilikuwa dogo. Lakini ripoti andika, hata kama kapteni anaona aibu, na fundi aliangalie komeo. Na kabla ya safari lisukume kwa mkono, usitosheke na kwamba yale maandishi ya kuonya kuwa dirisha halijafungwa hayaonekani.

Namwona mama yako anakata kona na kapu lake. Hili la dirisha mwambie mwenyewe, mimi simo. Ukipiga simu, anza na kutua.

Baba yako